Umekatwa na Nini?

Kwenye benchi la nje ya chumba cha kufungia vidonda, Jumatatu asubuhi, hakuna anayekaa sawasawa. Mmoja ameinua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, mwingine amenyoosha mguu hadi katikati ya njia, na mama mmoja amempakata mtoto aliyelia mpaka akasahau alikuwa analilia nini. Hii ni zahanati ndogo kando ya barabara inayotoka Nakuru kwenda Njoro. Nilifika hapo mara ya kwanza miaka kadhaa iliyopita nikiwa nimeshika kidole changu mwenyewe. Nikarudi kubadilishiwa bendeji, nikarudi tena, na kidole kilipopona nikaanza kurudi bila kidonda, nikaomba nikae pembeni nitazame. Muuguzi wa chumba hicho, ambaye wote tunamwita Sista, alikubali kwa sharti moja: nisiguse kitu.

Ukimwuliza mtu wa hapa kazi ya Sista ni ipi, atakwambia ni kushona. Na kweli anashona vizuri. Nyuzi zake hukaa kwa nafasi sawa, hazivuti ngozi, na kovu linalobaki ni mstari ambao baada ya mwaka unautafuta kwa kidole. Lakini mshono mzuri nimeuona pia kwa mafundi wa viatu wa mjini. Ambacho sijakiona kwingine ni zile dakika mbili kabla hajagusa kidonda, anapoamua kama hiki ni cha kurudi nacho nyumbani, ni cha kubaki nacho hapa, au ni cha kupanda nacho matatu hadi hospitali kuu, ile ambayo watu wa Nakuru bado wanaiita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa, ingawa mikoa ilikwisha kwa katiba ya 2010.

Uamuzi wa aina hiyo una umri mkubwa. Kuna hati ya mafunjo kutoka Misri, ya miaka kama 3,600 iliyopita, inayojulikana kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeinunua huko Luxor mwaka 1862. Ndani yake mna visa 48, vingi vikiwa vya majeraha, na majeraha hayo yanapewa hukumu moja kati ya tatu: ama mganga anaweza kulitibu, ama atajaribu kushindana nalo, ama hapana la kufanya. Sista hajawahi kuisikia hati hiyo. Nilipomsimulia, alisema tu kwamba wao walikuwa na bahati, hawakuwa na bodaboda.

Swali lake la kwanza huliuliza mgonjwa akiwa bado mlangoni, kitambaa bado kimefungwa: "Umekatwa na nini?" La pili: "Saa ngapi?" La tatu, ambalo wengi huliona ni umbea: "Ulikuwa unafanya nini?"

Nilihitaji wiki kadhaa kuelewa kwamba hapo tayari anakiona kidonda. Kisu cha jikoni hukata safi, lakini huingia ndani kuliko mwenyewe anavyodhani. Kioo huacha kipande nyuma. Bati la fundi wa jua kali hukata mdomo mrefu wa kutisha ambao mara nyingi ni wa juu juu tu. Seng'enge hurarua. Mwiba, msumari na uma wa shamba hutoboa, na tundu lake hujifunga kwa juu likiwa limefungia uchafu ndani, kama mtungi uliozibwa na kitu kibovu kikiwa chini. Ukubwa wa jeraha kwa nje haumwambii mengi. Kilichokata ndicho kinachomwambia.

Swali la saa lina sababu yake. Jeraha la asubuhi ya leo linaweza kuoshwa na kushonwa. La jana jioni, lililolala usiku mzima na vumbi lake, mara nyingi huachwa wazi, lisafishwe kila siku, lijifunge lenyewe kutoka chini kwenda juu. Uso ndio unaopewa muda zaidi, kwa sababu damu yake ni nyingi na hupona haraka. Watu hukasirika wakiambiwa jeraha halishonwi. Wanadhani wamenyimwa. Nimemwona mwanamume mmoja akimwambia Sista atalipa zaidi ili ashonwe, naye akamweleza kwa upole kwamba kushona kidonda kichafu ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Na umbea? Kijana mmoja alikuja na mchubuko juu ya fundo la kidole cha kati, mkono wa kulia, mdogo kama punje ya mahindi. Alisema alijigonga ukutani. Sista aliukunja mkono ule uwe ngumi, akautazama, akaunyoosha tena, akautazama.

"Huo ukuta ulikuwa na meno?"

Benchi zima lilicheka, na kijana naye akacheka, ukweli ukatoka. Alikuwa amempiga mtu mdomoni Jumamosi usiku. Ndiyo sababu Sista alikunja ngumi: jino huingia vidole vikiwa vimekunjwa, na mkono ukinyooshwa ngozi husogea, tundu la ngozi halilingani tena na tundu la kiungo lililo chini yake. Vijidudu vya kinywa cha binadamu vinabaki vimefungiwa humo, na kiungo cha kidole kinaweza kuharibika kwa siku chache. Alimpeleka moja kwa moja kwa daktari wa zahanati, mbele ya watu waliokuwa wanatokwa na damu. Walinung'unika. Yule kijana mwenyewe alishangaa kuliko wote.

Lakini kisa ninachokikumbuka zaidi ni cha mama wa chipsi. Ana kibanda karibu na steji, anamenya viazi vya shangi tangu alfajiri, na asubuhi hiyo kisu kilimteleza kwenye kiganja, chini ya kidole cha pete. Jeraha lilikuwa na urefu wa sentimita moja, damu imekauka. Alitaka plasta arudi, kwa sababu mafuta ameyaacha motoni na mtoto wa jirani ndiye anayeyaangalia. Mimi ningempa plasta.

Sista alimwambia akunje mkono. Vidole vyote vikakunjika, cha pete nacho kikiwemo, au hivyo ndivyo nilivyoona. Kisha akakishika kidole kile kwenye pingili ya katikati, akaibana isisogee, akasema, "Sasa kunja ncha peke yake." Ncha haikusogea. Mama alikaza uso, mishipa ya shingo ikatoka, na ile ncha ikabaki imenyooka. Sista akamwambia afumbe macho. Akachukua ncha ya gozi, akaipitisha upande mmoja wa kidole, halafu upande wa pili.

"Ni sawa?"

"Huku ni kama nimevaa glavu."

Hapo akaacha kila kitu. Kidole kina kano mbili za kukikunja, moja ya pingili ya katikati na nyingine inayofika hadi nchani. Ile ya nchani ilikuwa imekatika, na mshipa wa fahamu wa upande mmoja pia. Kwa kuwa ile nyingine ilikuwa nzima, kidole kilijikunja kiasi cha kumdanganya mwenyewe. Kano iliyokatika hujivuta, kama kamba ya kaptula inavyozama ndani ya pindo, na kila siku inayopita inakuwa kazi zaidi kuitafuta na kuiunganisha. Sista hakushona. Aliosha, akafunika kwa gozi safi, akamwandikia barua ya kwenda PGH, na kwa sababu alijua mama huyo anawaza mafuta, alimtuma mwangalizi wa zahanati akazime jiko. Nilidhani hilo la jiko ni wema tu. Baadaye niligundua ni sehemu ya utabibu: asingezima jiko, mama asingepanda matatu.

Nilimwuliza alijuaje kwamba aangalie ncha. Alisema huangalia kila mara, hata kwa wale walio wazima. Kila kidole kinachokuja kwake hukunjwa, huguswa pande mbili, na kucha yake hubanwa mpaka iwe nyeupe ili aone rangi inarudi kwa muda gani. Kwa mwaka mzima anaweza kufanya hivyo kwa vidole vingi na kupata vyote viko sawa. Hachoki. Nadhani hapo ndipo ufundi huu unapokaa, katika kufanya jambo lile lile mara mia bila kupata kitu, ukiwa na umakini ule ule wa mara ya kwanza.

Tuseme kidogo juu ya maji. Jina la Nakuru linasemekana kutoka kwenye neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na anayeanguka na bodaboda kwenye barabara ya murram huja na sehemu ya jina hilo kwenye goti. Mchubuko wa namna hiyo hautishi mtu, ila unahitaji kazi kuliko mkato. Kokoto na vumbi vikiachwa ndani ya ngozi, hata kidonda kikipona, hubaki madoa ya bluu-nyeusi kama chale ambayo hukuomba. Sista huosha kwa maji mengi, ya bomba yaliyo salama kunywa au ya chumvi kutoka kwenye chupa, akiyapitisha kwa msukumo wa bomba la sindano lisilo na sindano. Spiriti haimimini ndani ya kidonda. Huua nyama changa pamoja na vijidudu, na huuma bila faida. Nimemsikia akimwambia mama mmoja kwamba mtoto akilia wakati wa kuoshwa, kosa ni la spiriti, si la mtoto.

Kuhusu dawa za nyumbani huwa hakaripii, na mimi ni shahidi. Kidole kilichonileta kwake nilikikata kwa kopo, nikakimwagia mafuta ya taa, nikakifunga kwa kitambaa siku tatu. Alikinusa kabla hajakifungua. "Mafuta ya taa," alisema, kama mtu anayetambua pilipili kwenye mchuzi, akaendelea na kazi. Majivu, ugoro, majani ya kahawa, utando wa buibui, udongo wa kichuguu: vyote amevitoa kwenye vidonda vya watu. Asali anaipa heshima, kwa kuwa hata hospitali zimeitumia kwenye vidonda. Udongo ndio unaomtia wasiwasi, na samadi zaidi, kwa sababu ya pepopunda.

Wahenga wa pwani walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Kitaalamu hawakupatia, maana tende ile ya pwani huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Lakini walijua kwamba kitu kidogo kwenye mguu si lazima kibaki kidogo, na kama wangeniuliza mimi, ningewaambia waongeze mbwa kwenye methali hiyo.

Kwa sababu kidonda kidogo kuliko vyote nilivyoviona hapo kilikuwa cha mbwa. Msichana wa miaka kama saba, mikwaruzo miwili kwenye shavu la mguu, haikutoa hata damu ya kufuta. Mbwa hakuwa wa mtu yeyote, alipita tu, akauma, akaenda. Mama mtu aliomba plasta yenye picha. Sista alimbeba mtoto hadi kwenye bomba la uani, akachukua kipande cha sabuni, akatazama saa ya ukutani kupitia dirishani, akaanza kuosha. Akaosha, akasuuza, akapaka sabuni tena. Dakika tano zikapita, mama akauliza kama haijatosha. Kumi. Watu wa benchi walianza kugeuka kutazama mwanamke mzima anayeosha mguu msafi. Zilipotimia dakika 15 ndipo alipofunga bomba.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hutambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, kwa wiki, pengine miezi. Katika muda huo chanjo hukiwahi. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo kidonda hiki hakipimwi kwa urefu wala kwa damu, na sabuni ile ilikuwa tayari ni tiba, si matayarisho. Hakukifunga kwa nguvu, hakukishona, akaandika barua ya kwenda kupata chanjo siku hiyo hiyo mjini, maana zahanati ile haiiweki, na akamchorea mama kalenda ya siku za kurudi, kwa sababu sindano moja haitoshi. Kenya ina mpango, ulioanza 2014, wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Nilikuwa nimeusoma kama sera. Sikujua kwamba kwa vitendo unafanana na mwanamke aliyechuchumaa kando ya bomba akihesabu dakika.

Lakini wengi wanaofika huwarudisha nyumbani, na huo nao ni ufundi usiopigiwa makofi. Mtu ametembea kutoka shambani, amepanga foleni, halafu anaambiwa kidonda chako ni kizuri, kioshe, kifunike, endelea. Anataka sindano. Bila sindano anahisi hakutibiwa. Kwa hiyo Sista humpa kitu kingine cha kwenda nacho: huchukua kalamu ya wino na kuchora mstari kwenye ngozi kuzunguka kidonda, pale uvimbe unapoishia. "Ukivuka hapa kabla ya kesho, rudi. Usingoje Jumatatu." Kisha humwonyesha kugusa kwa mgongo wa mkono, upande huu na upande wa pili wa mwili, alinganishe joto. Vitabu alivyosomea viliandika kwamba kidonda kinachooza huwa chekundu, na picha zake zilikuwa za watu weupe. Kwenye ngozi zetu wekundu hujificha. Unaweza kuona ngozi imekuwa nyeusi zaidi, imevimba na kung'aa kama imepakwa mafuta. Joto halijifichi. Wala mtoki kwenye kinena cha mtu mwenye kidonda cha mguu. Wenye kisukari hawarudishi kirahisi hivyo, kwa sababu miguu yao inaweza kuungua bila kuwaambia.

Na kujikata si jambo la leo. Kwenye njia ya Gilgil kuna Kariandusi, ambako mwanaakiolojia Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Baadhi yameundwa kwa obsidiani, kioo cheusi cha volkano, ambacho makali yake bado yanaweza kukata ngozi yako leo. Watu wamekuwa wakijikata vidole kwenye Bonde hili la Ufa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Ningependa kujua ni nani miongoni mwao aliyekuwa wa kwanza kumshika mwenzake mkono na kumwambia akunje.

Jumatatu ya mwisho niliyokaa pale alikuja mwuza nyama, aproni imejaa damu ambayo nusu yake ilikuwa ya ng'ombe. Alikuwa amejikata kidole gumba, na kitambaa kilikuwa kimelowa hadi kinadondosha. Benchi zima lilimpisha. Sista aliuliza maswali yake matatu, akakunja gumba, akaligusa, akalibana kucha. Kisha akaweka gozi nene juu ya jeraha, akaushika mkono mwingine wa mwuza nyama na kuukandamiza juu yake, akainua yote juu ya usawa wa moyo.

"Kaza. Dakika kumi. Usifungue kuchungulia, ukichungulia unaanza upya."

Akamgeukia mzee aliyekuwa mwisho wa benchi, aliyevaa gambuti, ambaye hakuwa ameomba chochote. Mjukuu wake, aliyemwita Guka, yaani babu, ndiye aliyemleta.

"Guka, umekatwa na nini?"

"Sijakatwa. Ni msumari kidogo. Ulishatoka."

"Ulikuwa wapi huo msumari?"

"Kwa ng'ombe. Zizini."

Nilimwona Sista akiweka kalamu chini. Wanawake wa umri wa kuzaa wanaomjia huwa wamedungwa sindano za pepopunda kliniki, mimba baada ya mimba. Wanaume hawana kliniki hiyo. Na mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza mwaka 1980, wakati mzee huyu alikuwa tayari mtu mzima mwenye mifugo yake.

"Guka, mara ya mwisho kudungwa sindano ilikuwa lini?"

Mzee alifikiri kwa haki kabisa. "Mimi sijawahi kulazwa."

"Haya. Tuvue hiki kiatu."

Gambuti halikutaka kutoka. Mjukuu alivuta, Sista akashika kisigino, na lilipotoka lilimwaga sakafuni majani makavu na kitu cha rangi ya kahawia ambacho hakuna aliyekitaja. Chini ya wayo, karibu na kidole gumba, palikuwa na nukta. Sista alivuta beseni kwa mguu, akachuchumaa, akamimina maji ya kwanza.

"Sista," mwuza nyama aliita, mkono bado juu. "Zimeisha?"

"Bado nne," alisema, bila kuinua macho.